Mlango wa Kitale Mezani pa Mama

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Nelima alifagia nyumba yao ya Bungoma, akianzia chumbani na kumalizia chini ya meza ya mama. Hapo alifagia kwa adabu, kwa sababu nyaya zilikuwa nyingi na mama yake, Dinah, alizilinda kuliko vikombe vya wageni. Juu ya meza kulikuwa na kompyuta, na ubavuni mwake modemu ndogo yenye taa ya buluu. Taa ikitulia, mama aliandika neno la siri, na papo hapo akawa ameingia ofisini Kitale bila kuinuka kitini.

Ofisi hiyo ilikuwa ya kampuni ya mbegu. Wenye maduka wa Naitiri na Moi's Bridge walimpigia mama simu wakitaka mbegu za mahindi, naye akaandika maombi yao moja kwa moja kwenye mtandao wa Kitale. Kabla ya mpango huo, mama alikuwa akikaa Kitale juma zima. Baba alikuwa amefariki, hivyo Nelima alilelewa na shangazi, ambaye hakuwa mbaya, ila hakuwa mama. Sasa mama alikuwa nyumbani kila siku, na Nelima hakutaka zawadi nyingine duniani.

Neno la siri alilijua. Jioni moja mama alikuwa akisonga ugali simu ikalia. Mwenye duka alikuwa na haraka zake.

"Nelima, hebu niandikie hilo neno, mikono yangu ina unga," mama alisema, akalitaja herufi kwa herufi.

Waliandika, wakala, wakalala. Hakuna aliyelifikiria tena jambo hilo mpaka Wekoye alipobisha hodi.

Wekoye alikuwa kijana wa jirani. Alikuwa amemaliza kidato cha nne na kazi yake kubwa siku hizo ilikuwa kutafuta kazi. Alikuja wakati mama wa Nelima amekwenda mazoezi ya kwaya.

"Sasa, Nelima. Si unifungulie hiyo mashine kidogo? Nataka kuangalia barua pepe, kuna mahali niliomba kazi."

"Mama alisema isiguswe."

"Ati isiguswe? Na juzi mlipokuja kuchukua jembe kwetu, tuliwauliza ni la nini?"

Mtaani kwao chumvi, jembe na kaa la moto vilitoka nyumba hii vikaingia ile bila maswali, na mtoto aliyemnyima jirani aliaibisha ukoo mzima. Tena Wekoye alikuwa mkubwa kwake. Nelima akaketi, akaandika neno la siri. Hakujua kwamba kompyuta hiyo haikuwa na njia nyingine ya kwenda popote ila kupitia Kitale.

Alidhani yameisha. Lakini mchovya asali hachovyi mara moja. Siku ya kwaya iliyofuata Wekoye alikuja na flashi iliyozunguka simu na kompyuta za nusu ya mji, akitaka kuijaza nyimbo za kuwauzia vijana wenzake.

"Leo hapana," Nelima alisema akiwa ameshika mlango.

Wekoye hakukasirika. Alitabasamu, na tabasamu lile lilimtisha Nelima kuliko kelele. "Sawa bana. Basi nitamuuliza mama yako mwenyewe, nimwambie ya mara ile ulinifungulia vizuri tu."

Nelima akaachia mlango. Tangu siku hiyo akawa mfungwa ndani ya nyumba yao wenyewe. Akikataa, mama ataambiwa. Akikubali, kosa linazidi kunenepa. Mama akianza kuimba sauti yake ya pili huku akivaa viatu, Nelima alimfuata mpaka mlangoni.

"Mama, usiende leo."

"Kwa nini? Unaumwa?"

"Hapana."

"Basi funga mlango vizuri," mama akasema, akaenda zake. Haukupita muda Wekoye akabisha.

Ijumaa simu ya mama ililia. Alikuwa Madam Jepchirchir, mlinzi wa mtandao huko Kitale, na sauti yake ilisikika mpaka jikoni.

"Dinah, Jumatano jioni ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa kanisani, kwaya."

"Mtandao unaonyesha ulikuwa kazini. Kuna mtu anaingia kwa jina lako na kutuletea virusi. Mashine mbili zimekwama, na wakulima wanangoja mbegu na mvua imekaribia."

"Madam, mimi sidanganyi."

"Sijasema unadanganya. Kesho ninakuja. Nikikosa maelezo, nitaifunga njia yako. Itabidi urudi kukaa Kitale, ama uache kazi."

Mama aliweka simu chini, akafunika uso kwa leso. Nelima alisimama mlangoni mwa jikoni na sahani mkononi. Alitamani kukimbia, lakini angekimbilia wapi? Kwa shangazi? Huko ndiko alikoogopa kurudishwa. Hatimaye akaiweka sahani chini.

"Mama, ni mimi," alisema, na machozi yakamtangulia. Akaeleza yote, tangu barua pepe hadi flashi na vitisho.

Mama akaondoa leso usoni. "Mbona hukuniambia ile siku ya kwanza?"

"Niliogopa utanichapa. Halafu nikaogopa zaidi utarudi Kitale."

Nelima alingoja kofi. Mama akachukua simu. "Madam Jepchirchir, maelezo ninayo. Ni binti yangu aliyemfungulia jirani. Na neno la siri nilimpa mimi, kwa uvivu wa kunawa mikono."

Asubuhi Madam Jepchirchir alifika. Wekoye aliletwa na mama yake mzazi, ambaye alimshika mkono kana kwamba ni mtoto wa chekechea, na ile flashi ikawekwa mezani. Madam aliipima, akawapigia wenzake simu kuwaeleza ni virusi vya aina gani. Kabla ya adhuhuri mashine za Kitale zilikuwa zinafanya kazi tena. Wekoye aliomba msamaha akiangalia sakafu. Mama alipewa onyo kali, akalipokea bila kujitetea.

"Mama atarudi Kitale?" Nelima aliuliza kwa sauti ndogo.

"Hapana, atabaki hapa," Madam Jepchirchir alijibu. "Na anabaki kwa sababu ulisema. Ningegundua mwenyewe, ningemwona mwongo. Sikia, binti. Kitu chenu mnaweza kumwazima jirani mkipenda. Lakini mlango huu ni wa watu wengi, nyinyi mmepewa amana tu, na amana haiazimwi hata kwa ndugu. Siku ukikosea, sema siku hiyo hiyo. Kosa ukilificha, yeyote anayelijua atakutuma atakavyo."

"Nimesikia, Madam," Nelima akasema.

Kisha mama akaketi kuandika neno jipya la siri. Nelima alitoka nje bila kuambiwa, akavuta mlango nyuma yake. Alisimama uani akasikia mama akipokea simu ya mwenye duka wa Naitiri na kumuuliza anataka mifuko mingapi. Nelima akalia tena, safari hii kwa furaha.