Utani wa Upande Mmoja

Walicheka wote, wakanyamaza wote, halafu mtu mmoja akaendelea kucheka nyuma ya magunia ya uzi. Andendekisye aliacha mashine yake akaenda kuchungulia. Hakukuwa na mtu. Kulikuwa na harufu ya mbwa aliyelowa, na mvua yenyewe ilishakatika Mbeya tangu mwezi wa tano.

Hapo ni Ilomba, kwenye karakana ya Kantilal ya kufuma sweta za shule. Wafumaji ni wanawake watupu. Msimamizi wao ni Adrian, Mngoni wa Songea, na aliyekuwa anachekwa ni Faustina, Mhehe wa Igowole. Sasa Mngoni na Mhehe, nani asiyejua? Watani hao, tangu mababu walipochoka kuchomana mikuki. Mtani akikutukana unacheka, unamrudishia, maisha yanaendelea. Ukifiwa anakuja kukuvunja mbavu msibani, halafu anakuoshea masufuria. Kwa hiyo Adrian alipoanza kumpigia Faustina mluzi, "Fyuu! Bobi, njoo! Wahehe mnajuana na mbwa mpaka mnawapika," hakuna aliyeona ubaya.

Faustina naye hakuwa bubu. "Babu zako walitukimbia mpaka Songea, na mpaka leo bado mnahema!"

Karakana nzima ikaangua kicheko. Adrian hakucheka. Kesho yake alimhamishia kwenye mashine mbovu iliyo mlangoni mwa choo, akamkataza kunywa chai na wenzake. Utani gani huo wa upande mmoja, jamani? Lakini nani amuulize, na kila mtu ana watoto nyumbani?

Ikawa kila asubuhi Faustina anakuta mfupa kwenye kiti. "Chai ya mbwa wangu hiyo," Adrian anasema, na wao wanacheka. Wakinyamaza, kile kicheko kingine kinabaki, na kila siku kinatokea karibu zaidi na kiti cha Faustina.

Alikwenda ofisini kwa Dhaval, mtoto wa Kantilal.

"Dada, ninyi ni watani," Dhaval alisema. "Mimi nitaingiliaje? Mjibu tu."

"Nikimjibu ananiadhibu, bosi."

"Basi usimjibu."

Hakumjibu tena. Na hapo ndipo mambo yalipoharibika, maana alianza kukuta manyoya ya kijivu yamefumwa ndani ya sweta alizozifuma kwa mikono yake mwenyewe, na akiinama kwenye mashine anasikia mtu anahema kisogoni, pumzi za moto, za haraka, na akigeuka anaona ukuta, na siku moja uvumilivu ulipomwisha akainuka amwambie Adrian inatosha, akapanua mdomo, akabweka.

Karakana ilikufa kwa kucheka. Walidhani na yeye sasa ameukubali utani.

Jumamosi alimpigia simu mama yake Igowole, anayemlelea binti yake mdogo. "Kamwene, mama," alimsalimu Kihehe, au alidhani amemsalimu.

"Faustina? Mbona simu yako iko kwa mbwa?"

Akajaribu tena, kwa nguvu.

"Mfukuze kwanza huyo mbwa, mwanangu. Mtoto huku anaogopa, analia."

Alikata simu, akajiziba mdomo kwa kanga, akalia mpaka macho yakavimba. Ataongeaje na mwanawe?

Kilichomsalia ni kunong'ona tu. Siku ileile alimfuata Andendekisye, rafiki yake wa pekee pale kazini, akamwinamia sikioni. "Anda, nisaidie. Nikipaza sauti anatoka yule mbwa."

Andendekisye aliona aibu, maana alikuwa amecheka siku zote hizo pamoja na wenzake. Akamshika mkono wakaenda Mbalizi, kwa Mama Nyamizi, mganga wa majini. Mama Nyamizi aliwasikiliza kisa chote, hakushika hata tunguri. Alimnusa Faustina shingoni, akarudi nyuma.

"Huyu jini hakutumwa na mtu. Mmemwita wenyewe. Hebu niambieni, mtani wa kweli akijibiwa hukasirika? Huadhibu?"

"Hapana, mama."

"Basi huyo anamwonea, na ninyi mnamshangilia. Jini ameingilia hapohapo." Akashusha sauti. "Kesho kutwa huyo msimamizi wenu akifungua mdomo, asicheke hata mmoja. Na mmoja wenu asimame amwambie usoni, huu si utani. Hapo jini atatoka. Lakini mkicheka, hata huo mnong'ono hamtausikia tena."

"Nitasimama mimi," Andendekisye alisema. "Haki ya Mungu."

Jumapili baada ya ibada alipita nyumba kwa nyumba, na wafumaji wote waliapa kutocheka.

Jumatatu ukungu ulikuwa umeshuka mpaka mlangoni. Adrian aliingia na mfupa, akauweka kwenye kiti, akapiga mluzi, "Bobi!", na hakuna aliyecheka, mashine zikasimama moja baada ya nyingine mpaka pakawa kimya kabisa, na ndani ya ukimya ule wote wakasikia, kwa mara ya kwanza wote pamoja, kitu kinahema chini ya kiti cha Faustina, na kucha zinakwaruza sakafu, na Faustina amekumbatia mikono yake kifuani anamtazama rafiki yake. Andendekisye akasimama.

Adrian alimgeukia taratibu. "Na wewe Mnyakyusa una la kusema? Pale chooni panatosha wawili."

"Huu..." Andendekisye alianza. Aliwaona wanawe wanne, akaiona njaa. "Huu... aa, bosi nawe! Umezidi!" Na akacheka. Kicheko kidogo tu, cha kumfurahisha mkubwa.

Basi. Wa pembeni yake akacheka, na wa nyuma, wakacheka wote kwa woga na nafuu, kila mmoja akishukuru kwamba si yeye aliyeanza.

Faustina alimwendea Andendekisye, akamwinamia sikioni kama alivyozoea, amwite jina. Pumzi ilikuwa ya moto. Ndani yake hakukuwa na neno, ila mbwa analia, taratibu, kwa uchungu wa mtu.

Na Andendekisye, Mungu amsamehe, machozi yanamtoka, bado alikuwa anacheka.