Abee ya Kache

Kibwagizo kilisomwa na watu watatu, na chumbani walikuwemo wasichana wawili tu.

Kache ndiye aliyesikia kwanza. Alifunga mdomo, akatazama ukuta, kisha akamtazama rafiki yake Valarie.

"Umesikia?"

"Nini?"

"Kuna mtu amesoma pamoja nasi."

"Wacha hizo, Kache. Ni mwangwi. Si unaona chumba hakina kitu?"

Mwangwi gani huo unaovuta pumzi kabla ya kuanza? Lakini mtahiniwa wa Kidato cha Nne huogopa mtihani kwanza, mengine baadaye. Wakarudi kwenye shairi lao.

Nyumba yenyewe iko Mishomoroni, nyumba ya Kiswahili ya kupangisha, vyumba vimeelekeana pande mbili za ukumbi mrefu, na jikoni na choo viko uani. Chumba cha mwisho, kile kinachopakana na ua, kilikuwa kitupu. Mpangaji wake alihama ghafla bila kuaga, akaacha chetezo cha udongo cha kufukizia udi pembeni, na tangu hapo hakuna aliyekitaka chumba hicho. Mwenye nyumba, Bi Mwanasiti, alipowaona wasichana wakisomea ukumbini huku watoto wa wapangaji wakiwaruka vichwa, akawaonea huruma na kuwapa ufunguo.

"Someni humo wanangu, mufaulu inshallah. Ila hicho chetezo musikiguse."

Hawakukigusa. Sifa zao wapewe, kwa kuwa mimi najua wengi ambao wangekigusa siku ileile. Makosa yalikuja kwa njia nyingine.

Kache na Valarie walikuwa wamekua pamoja katika nyumba hiyo. Kache ni binti wa Kafedha, mama wa Kigiriama anayeuza viazi karai stejini. Valarie ni binti wa Oduor wa bandarini na mkewe Pascalia, watu wa bara waliokuja Mombasa kutafuta kazi na hawajarudi. Wasichana hawa walikula sahani moja na kuvaliana sweta za shule, na mmoja akichapwa, mwingine alilia. Kusoma nako waligawana: Valarie alimfundisha Kache hesabu, Kache akamfundisha Valarie ushairi. Ushairi ndio uliomsumbua Valarie. Mistari ilimpita masikioni bila kusimama, na babake alikuwa ameshasema kwamba akianguka Fasihi atarudishwa kijijini kwa nyanyake akachunge mbuzi.

Kache naye alitaka kuwa mwalimu wa Kiswahili. Hakuwa na mjomba wa kumwombea kazi wala shamba la kuuza. Alikuwa na kichwa chake tu, na mashairi yaliyokaa humo bila kusukumwa.

Mwalimu Kefa alikuwa amewapa mashairi ya mamlaka na migogoro, akisema lazima moja la aina hiyo litokee. Walilolisoma siku ile lilihusu mfalme asiyeonekana:

*Mfalme yuko ndani, uso hatujauona,*
*Hutuita barazani, kila mmoja kwa jina,*
*Aitikaye haoni, mlango ukifungana,*
*Nguvu zake zina nini, pasipo wa kuitika?*

"Eleza jinsi mshairi anavyosawiri mamlaka," Valarie alisoma swali. "Sasa hapo nitaandika nini? Mfalme ni mkali?"

"Hapana. Mfalme hana chochote. Hana jeshi, hana upanga, soma uone. Ana sauti tu. Nguvu zote anapewa na yule anayeitika."

"Na asipoitika?"

"Basi mfalme ataita mpaka achoke."

Valarie hakuandika. Alikaa akitazama kile chetezo pembeni, kalamu mdomoni, kana kwamba Kache amemjibu swali jingine kabisa. Chumba kilinuka udi, na udi hakuna aliyeufukiza.

Siku zilizofuata harufu ile ilizidi, na chini yake kulikuwa na harufu nyingine, ya maziwa yaliyolala. Valarie alianza kuwa na mambo. Akiwa anasuka nywele, ghafla anageuka. Akiwa anakoga, anatoka mbio na povu masikioni. Kache alipomuuliza ana nini, alisema ni mtihani, na Kache akamwamini, kwa kuwa kwa nini asimwamini?

Kisha ikaja jioni ile. Stima ilikuwa imepotea mtaa mzima, adhana ya magharibi imekwisha sasa hivi, na Kache alikuwa peke yake katika chumba cha mwisho akisubiri Valarie alete mshumaa. Sauti ikamwita kutoka uani.

"Kache!"

Ilikuwa sauti ya mamake, pamoja na ule mkwaruzo wake wa moshi wa karai. Sasa, kila mtoto wa Pwani amefundishwa mambo mawili. La kwanza, magharibi usiitike mtu usiyemwona. La pili, mamako akikuita, unaitika papo hapo, na unaitika kwa adabu. La pili hufundishwa kwa kofi, na ndiyo maana hukaa zaidi.

"Abee, mama!"

Akatoka. Uani palikuwa na kamba ya nguo na ndoo, na hewa nzito ya udi iliyokuwa imesimama kama mtu anayekungoja umalize kusema. Akaita mama, mama, akazunguka jikoni, akachungulia chooni, na aliporudi ukumbini mlango wa mbele ukafunguka, akaingia Kafedha na karai kichwani, jasho linamtiririka.

"Mama, si umeniita sasa hivi?"

"Nikuite na nini? Ndio naingia mimi." Kisha Kafedha akamwona mwanawe uso. Akashusha karai taratibu, akanong'ona, "Kache. Umeitika?"

Kache akafungua mdomo kujibu. Hakuna kilichotoka. Ila kule mwisho wa ukumbi, katika chumba ambacho hakikuwa na mtu, sauti yake mwenyewe, tamu na yenye adabu, ikajibu:

"Abee."

Tangu jioni hiyo mambo yakawa hivyo. Kache aliweza kuongea akianza yeye, lakini akiitwa jina koo lilifunga, na jibu likatoka chumba cha mwisho. Mamake akawa anaogopa kumwita, anamgusa bega. Na mashairi yakaanza kuondoka. Alilala analijua shairi zima, akaamka amebakiwa na beti chache, kisha mishororo, kisha vipande visivyoshikana, na akifungua kitabu akalisoma upya, maneno yaliingia kwa jicho na kutoka palepale, hata akaanza kulia juu ya ukurasa, kwa sababu aliona wazi kwamba kitu fulani kilikuwa kinamla polepole kuanzia mahali alipopapenda zaidi, na mtihani ulikuwa unakuja.

Valarie, kwa upande wake, aling'ara. Mwalimu Kefa alimsimamisha mbele ya darasa, naye Valarie akaghani shairi la mfalme bila kitabu, kwa lafudhi laini ya Pwani ambayo hajapata kuwa nayo maishani. Darasa likampigia makofi. Kache pia alipiga, masikini, akafurahi kwamba masomo yake yamemfaa mwenzake.

Mchungaji alikuja akaomba mpaka sauti ikakauka. Chumba cha mwisho kikaitikia amina. Hapo Kafedha hakungoja tena. Alimwita Nyevu, mganga wa Kiembeni, mama wa makamo mwenye simu mbili na haraka nyingi.

Nyevu alikuja mchana, jua la utosi. Alimkalisha Kache katika chumba cha mwisho, akamfunika kaniki, akawasha makaa katika chetezo kilekile, akatikisa kayamba. Bi Mwanasiti alisimama mlangoni na tasbihi yake. Nyuma yake walikuwepo Pascalia na Valarie.

"Wewe uliyemo," Nyevu alisema, "nani alikuleta?"

Chini ya kaniki pakatoka kicheko kidogo. "Sikuletwa. Niliachwa. Huyu nilipewa."

"Ulipewa na nani?"

Makaa yakalia. Kisha mdomo wa Kache ukasema kwa sauti ya Valarie, Valarie mtupu, mpaka Pascalia akageuka kumtazama binti yake kama amesema yeye:

"Mimi usiniite tena, nimekwambia siitiki. Ita Kache. Mwite na sauti ya mamake, saa za giza giza, kwao lazima waitike. Na ukimpata, hizo mashairi ziko kwa kichwa yake, nipatie mimi."

Kache mwenyewe ndiye aliyevua kaniki. Alikuwa amesikia yote, yalipita katika koo lake. Jini hakumuuma hivyo alipoingia. Kilichomuuma ni kwamba yale ya adabu ya kwao, sauti ya mamake, jioni, kuitika, jini asingeyajua. Yalihitaji mtu aliyekula naye sahani moja.

"Vala," alisema. "Ni kweli?"

Valarie alikuwa analia. "Ilikuwa inaniita kila siku, Kache. Nikikoga, nikilala. Nilikuwa naogopa, wallahi. Na wewe ulisema asiyeitikiwa huita mpaka achoke, lakini haikunyamaza! Ilisema itanyamaza nikiipa jina lingine."

"Na mashairi? Nayo ilikulazimisha?"

Valarie akazidi kulia.

Nyevu alitia udi kwenye makaa. "Kulia mtalia baadaye. Sikiliza, binti. Ulimtoa mwenzako bila yeye kujua, huo ni wizi, na cha wizi kinarudishwa. Jini ataita tena jina lako, sasa hivi, mimi nikiwa hapa. Utaitika. Neno moja tu. Anayeitika akijua anaitwa na nani hashikwi. Atamwachia huyu, wewe hatakupata, na mimi nitamfukuza. Umesikia?"

"Nimesikia."

Valarie akaingia, akaketi mkekani mbele ya Kache, magoti yao yakagusana kama walivyokaa siku zote za kusoma. Kache akamshika mkono. Ndiyo, akamshika, baada ya hayo yote.

Kayamba likalia, moshi ukajaa, harufu ya maziwa yaliyochacha ikapanda mpaka machozi yakawatoka, na kutoka ukutani, kutoka sakafuni, kutoka mahali karibu sana na masikio yao, sauti isiyo ya mwanamume wala mwanamke ikaita, "Valarie," kwa upole, ikangoja, ikaita tena, na Kache akamkazia macho rafiki yake, akamwona anafungua midomo, akasema naye moyoni, sema, sema Vala, niko hapa, nimekushika, na ikaita mara nyingine, na ile midomo aliyoifundisha mashairi ubeti kwa ubeti ikajifunga, ikabanwa mpaka ikawa mieupe, na mkono aliokuwa ameushika ukachomoka.

Valarie alikimbia. Walisikia miguu yake ukumbi mzima, kisha mlango wa mbele.

Nyevu alipigana na jini mpaka alasiri. Mwishowe Kache alitapika, akalala, na alipoamka mashairi yalikuwa yamerudi kichwani, yote. Mganga alikusanya vitu vyake akiwa amechoka.

"Kichwa chake nimekirudisha. Kuitika kwake jini ameondoka nako. Aliyemtoa mwenzake amekataa kuitika, sina nguvu hapo."

"Ameondoka nako wapi?" Kafedha aliuliza.

Nyevu alitazama ule mlango aliotokea Valarie, akachukua chetezo, akaenda kukivunja barabarani. Wiki hiyohiyo kina Oduor walihamia Mikindani.

Wasichana walikutana tena asubuhi ya mtihani wa Fasihi, katika foleni nje ya ukumbi wa shule. Valarie alikuwa amekonda na ameziba masikio kwa pamba. Msimamizi alikuwa anaita majina. Kache alishapanga na mwalimu mkuu kwamba yeye atainua mkono.

"Kache Kadenge."

Kabla mkono haujafika juu, sauti ikajibu nyuma kabisa ya foleni, tamu, yenye adabu.

"Abee."

Wote waligeuka kumtazama Valarie. Midomo yake ilikuwa imefungwa, na machozi yanashuka. Aliyekuwa mbele yake alisogea, akaziba pua kwa sababu ya udi.

Foleni ilipoanza kuingia, Valarie alipenya mpaka kwa Kache, akanong'ona.

"Inaongea usiku kucha na sauti yako. Inaniita, inajiitikia yenyewe. Hizo mashairi zote zimetoka kichwani, imebaki hiyo sauti tu. Nisamehe, iambie iache. Kache. Kache, tafadhali."

Kache alimtazama. Alimhurumia, na hasira haikupungua kwa huruma hiyo. Alikumbuka magoti yao yakigusana mkekani, na jinsi alivyongoja neno moja.

"Kache," Valarie aliita tena.

"Abee," ikajibu sauti, nyuma ya shingo ya Valarie.

Kache akaingia ndani, akakaa kwenye dawati lake, akangoja karatasi.