Mikono ya Mama Gloria

Kijijini Kisondela watu hawaulizi kama sherehe itakuwa na ndizi. Wanauliza nani atamenya. Wanawake hukaa duara na visu vyao, na midomo nayo haipumziki. Tusajigwe, yaani Mama Gloria, alikuwa akimaliza mkungu wakati wenzake hawajafika nusu.

Lakini alipofikisha miaka arobaini na mbili, mikono yake iliharibika. Ilikauka, ikapasuka, ikawasha. Siku moja msibani, Hellen, kiongozi wa akina mama, alimwambia mbele za watu:

"Mama Gloria, wewe leo kalete kuni. Ndizi waachie wengine."

Tusajigwe alibeba kuni huku machozi yakimtoka. Baada ya wiki nane binti yake, Gloria, angeagwa kwenda kuolewa. Mama gani hamenyi ndizi za binti yake?

Basi akaanza kujitibu. Asubuhi, mchana na jioni alisugua mikono kwa sabuni ya kufulia na maji ya moto. Kisha akapaka ndimu. Alidhani ni uchafu, maskini! Mikono ikaanza kutoa damu.

Jirani yake Mwantum, muuguzi wa zahanati, alimkuta ameificha ndani ya kitenge, akamsalimia kwa lugha ya nyumbani:

"Ugonile, Mama Gloria. Mbona hunipi mkono?"

"Nitakuambukiza."

"Mficha maradhi, kifo humuumbua. Lete!" Mwantum akaishika mikono yote miwili. "Hii naona ni pumu ya ngozi. Haiambukizi. Na watu wazima nao huipata. Kesho njoo, daktari aithibitishe."

Kesho yake daktari alithibitisha, akampa dawa ya kupaka. Nje ya chumba, Tusajigwe akanong'ona:

"Dada, nani kanitupia hiki kitu?"

"Hakuna aliyekutupia. Ni askari wako mwenyewe."

"Askari?"

"Mwilini tuna seli za kinga. Kazi yao ni kupigana na vijidudu. Ngozi ni ukuta, na ukuta wako una nyufa. Sabuni kali, ndimu na utomvu wa ndizi vinapenya. Seli za kinga zinadhani mwizi kaingia. Zinaitana, zinamwaga kemikali, na kemikali hizo ndizo zinazoleta muwasho na uvimbe. Ukikuna, ukuta unabomoka zaidi, nazo zinazidi kuja."

"Kumbe nilikuwa nawachokoza!"

"Mara tatu kwa siku," alisema Mwantum, na wote wakacheka.

Akamweleza la kufanya. Maji ya uvuguvugu. Sabuni laini isiyo na manukato. Mafuta ya mgando kila baada ya kunawa. Glavu anapoosha vyombo au kumenya.

"Nikipona naacha mafuta?"

"Thubutu! Ngozi ikipona, baadhi ya seli hizo hubaki humo humo. Zina kumbukumbu kuliko mama mkwe. Ukuta ukipasuka tena, zinarudi vitani haraka. Dawa utaacha daktari akisema. Mafuta ni ya kila siku."

Lutufyo, mume wake, alichukua kazi ya kuosha sufuria. Majirani walimcheka. Alizidi kusugua.

Wiki ya pili muwasho ulipungua. Wiki ya sita nyufa zilifunga. Tusajigwe alitazama viganja vyake akapiga kigelegele peke yake jikoni. Hakuacha mafuta.

Siku ya kumuaga Gloria, alikuja kwenye duara amevaa glavu.

"Daktari wa upasuaji amefika!" wanawake wakapiga kelele.

Hellen akasita. "Mama Gloria, na kuni je?"

"Kuni kazilete wewe, dada. Mimi namenya ndizi za binti yangu."

Kicheko kilisikika mpaka barabarani. Hellen akaenda. Aliporudi na mzigo, Tusajigwe alikuwa amemaliza mkungu wa pili, na wengine bado wako kwenye wa kwanza. Alivua glavu apumzike, akapaka mafuta. Mikono ilikuwa laini, mizima.

Hellen aliitazama kwa muda. Kisha akachuchumaa karibu yake, akasema kwa sauti ya chini:

"Mume wangu miguu inamwasha mwaka wa pili sasa. Zahanati wanafungua saa ngapi?"

"Saa mbili asubuhi," alisema Tusajigwe. Akamshika mkono. "Nitakusindikiza."