Tufe Alilozikwa Nalo Gijs

Haya yalimkuta rafiki yangu Wouter, mshona matanga kwenye manowari ya Kiholanzi iliyopigana na Waingereza.

Jioni, mizinga ilipotulia, aliitwa kumshona Gijs, baharia mwenzake aliyehesabiwa maiti, ndani ya turubai pamoja na tufe la mzinga, limzamishe. Tumbo la Gijs lilikuwa limepasuliwa.

"Mnyapara, huyu bado anapumua."

"Shona, wewe!" mnyapara Barend akamfokea Wouter. "Au unamshonea suti ya harusi?"

Wouter akashona. Turubai lilifurukuta na kuguna mpaka walipolitupa baharini.

Alfajiri vita vikaanza tena, watu wakiteleza kwenye damu ya wenzao. Ghafla mlio mzito ukatoka upande wa kushoto, ambako hakukuwa na meli hata moja. Ubao ukapasuka, kichwa cha Barend kikang'oka, tufe likabingirika hadi miguuni pa Wouter.

Tufe linalotoka mzingani huunguza. Hili lilikuwa baridi, likichuruzika maji ya chumvi. Lilikuwa limenasa kipande cha turubai chenye mshono wa Wouter, na uzi wake ulikuwa umetafunwa kwa meno, kutoka ndani.