Bati la Pipa la Dizeli

Kila siku asubuhi Hajira binti Kaimu alikuwa na kazi tatu: kufagia uwanja, kuchota maji kisimani, na kumpelekea Baba Albina chai bandani. Baba Albina ni Teofili, dereva wa trekta la Mzee Kaimu, baba yake Hajira, na ndiye pia aliyekuwa fundi wake. Trekta lenyewe lilikuwa kuukuu. Mzee Kaimu alilinunua Nachingwea, mashamba makubwa ya karanga ya Wazungu yalipofungwa. Watu wa kijiji chao cha Lionja walimcheka, wakasema amenunua chuma chakavu. Kicheko kiliwaishia walipoliona likilima kwa siku moja shamba la kazi ya mwezi mzima kwa jembe la mkono.

Jumamosi ile chai ilipoa bila kunywewa. Mvua ya kwanza ilikuwa imenyesha jana yake jioni, udongo umelainika, na zamu ya kwanza ya kulimiwa ilikuwa ya Bibi Zaina, mjane aliyeishi peke yake. Alikuwa amefika mapema, kakaa juu ya gogo na kikapu cha mbegu za mahindi mapajani. Trekta liliwaka, likatoa moshi mweupe, likatembea hatua ishirini na kuzimika. Halikuwaka tena.

Teofili alisema huenda limeshika upepo, hewa imeingia kwenye njia ya dizeli. Akalegeza nati za mabomba ya dizeli, akaiacha dizeli ichuruzike mchangani mpaka akaridhika kwamba upepo umetoka, kisha akazikaza. Halfani, kaka yake Hajira, akazungusha hendeli ya kuwashia mpaka akaishiwa pumzi. Wapi! Teofili akafungua chujio la hewa, akalikung'uta vumbi, akalirudisha. Halfani akazungusha tena. Bibi Zaina akahamisha kikapu chake goti moja hadi jingine.

Hajira alisimama mlangoni mwa banda, mkono wa kulia kauficha ndani ya kanga. Yeye peke yake alijua kilichotokea.

Jana yake alasiri yeye na rafiki yake Albina, binti wa Teofili, walitaka kukaanga korosho, na bati la kukaangia la mama yake lilikuwa limeazimwa na jirani. Nyuma ya banda kulikuwa na bati zuri, nene, lililofunika pipa la dizeli. Pipa hilo liliwekwa nje kwa kuogopa moto, na kizibo chake kilipotea zamani, kwa hiyo mdomo wake ulifunikwa kwa bati na jiwe juu yake. Mzee Kaimu alikwisha kusema mara nyingi kwamba bati lile lisiguswe. Hajira alilichukua huku akijiambia kwamba anaazima tu. Albina hakuuliza limetoka wapi. Korosho ziliwaka moto, wakazimwagia mchanga, wakabangua na kula. Mara mvua ikashuka, nao wakakimbilia ndani. Bati wakalisahau uani.

Alikumbuka kulipopambazuka. Alikuta maji yametuama juu ya pipa, yamezuiwa na ukingo, yamefika mdomoni. Akayafuta kwa kanga, akarudisha bati na jiwe, akanyamaza. Muda mfupi baadaye Teofili alikuja na mpira wake wa kunyonyea mafuta, akavuta dizeli kutoka pipani na kuijaza kwenye tangi la trekta. Sasa vidole vya Hajira, vilivyobabuliwa na mafuta ya maganda ya korosho, vilimwasha ndani ya kanga.

Ilipofika saa tano Mzee Kaimu alikuwa amechoka kungoja.

"Teofili, juzi trekta lilikuwa zima," alisema. "Wewe ndiye uliyekuwa nalo. Adhuhuri ikifika halijawaka, fungasha vifaa vyako. Nitatafuta fundi mwingine mjini."

"Sawa, Mzee," Teofili alijibu, akaendelea kufuta spana yake.

Albina alikuwa amesimama karibu. Alimtazama baba yake, kisha akatazama chini. Hajira alitamani ardhi impasukie.

Alimsogelea Teofili, akamwuliza kwa sauti ndogo kama trekta litapona. Teofili akamwambia hofu yake ni pampu ya dizeli, maana ikifa, mwaka huu hawalimi. Ya kubadilisha haipatikani karibu.

"Pampu huharibiwa na nini, Baba Albina?"

"Mchanga. Na maji, hayo ndiyo mabaya zaidi. Vyuma vyake hulainishwa na dizeli, vikipata maji vinalana vyenyewe kwa vyenyewe. Kila ukizungusha, vinalana."

Nyuma yake Halfani alikuwa ameinama, kaishika hendeli tena.

"Kaka, acha," Hajira alisema. "Usizungushe. Dizeli ina maji. Mimi ndiye niliyetoa bati nikakaangia korosho."

Mzee Kaimu alipiga hatua moja mbele, na Hajira akafumba macho akingoja kofi. Kofi halikuja. Alipofumbua, Teofili alikuwa amechuchumaa chini ya tangi na chupa nyeupe ya kioo mkononi. Aliikinga, akaijaza dizeli, akaiweka juu ya jiwe. Wote wakaizunguka. Dizeli ilipanda juu taratibu, na chini yake maji yakabaki, robo nzima ya chupa.

Kazi ikaanza upya. Walimwaga dizeli yote ya tangini, wakalikausha, wakafungua chujio la dizeli na kusafisha mabomba. Dizeli safi ilivutwa kwa mpira kutoka sehemu ya juu ya pipa, ikaachwa itulie kwenye debe. Adhuhuri ilipita. Mzee Kaimu alikwenda kuswali, akarudi, na habari ya kufungasha vifaa hakuitaja. Safari hii Teofili alipotoa upepo aliikinga dizeli kwenye chupa, akaitazama juani. Halfani akashika hendeli. Mara ya kwanza, ya pili. Ya tatu likanguruma, likatoa moshi mweusi, kisha mngurumo wake ukawa sawasawa.

Bibi Zaina aliinuka, akajitwika kikapu chake.

"Baba Albina," Mzee Kaimu alisema, naye asubuhi nzima alikuwa amemwita Teofili tu, "nimekukosea. Unisamehe."

Teofili alimsamehe. Akaongeza kwamba naye ana lake: asingeiacha dizeli ya kwanza inywewe na mchanga, angeyaona maji mapema. Na pipa lisilo na kizibo ni aibu ya fundi.

Ndipo Mzee Kaimu akamgeukia binti yake.

"Kwa bati ningekukemea, yakaisha," alisema. "Lakini kaka yako amezungusha hendeli tangu asubuhi, na kila alipozungusha wewe ulijua. Ungesema mapema, tungemwaga dizeli kabla trekta halijawashwa. Ulinyamaza, na nusura tupoteze pampu, na mimi nimfukuze mtu asiye na kosa. Mficha maradhi, kilio humfichua. Lakini umesema mwenyewe, kabla hujakamatwa. Hilo nalo nimeliona."

Jioni ile, shamba la Bibi Zaina likiwa limekwisha kulimwa, Teofili aliyavuta maji yote ya chini ya pipa, akachonga kizibo cha mti. Mzee Kaimu akampa Hajira ile chupa, iwe kazi yake ya nne: kila asubuhi avute dizeli kidogo kutoka chini ya pipa na kuitazama.

"Ukiona maji utafanya nini?" alimwuliza.

"Nitasema, baba."

"Lini?"

"Papo hapo."