Salamu Isiyojibiwa

Asubuhi ile Sista Grasiana alikuwa barazani anapeta maharage, jua la Korogwe limeshaanza kuchoma. Jumapili angeweka nadhiri za daima mbele ya Askofu. Miaka tisa alikuwa ameingoja siku hiyo.

Mama Mkuu, Sista Pelajia, walikuwa wamemzika siku tatu nyuma. Askofu alitaka nyumba yao, iliyojiongoza yenyewe tangu enzi za Mjerumani, iwe chini ya mkono wake, na masista wahamie kijiji kipya cha ujamaa huko Kwaluguru. Mama Pelajia akakataa kutia sahihi. Basi Padri Laurenti akaleta amri ya Askofu: asisemeshwe na mtu mpaka atii. Bibi wa miaka sabini, anasuswa kama mtoto mkorofi.

Desturi ya nyumba ile ni kwamba sista hafungui mlango wa mwenzake. Hugonga mara tatu, husema, "Tumsifu Yesu Kristo." Wa ndani akijibu, "Milele na milele," ndipo unaingia. Asipojibu, huingii.

Mama Pelajia alishikwa na homa. Akajikokota hadi mlangoni kwa Grasiana, akapiga magoti, akagonga, akasalimu. Grasiana alimsikia vizuri kabisa. Akazifikiria nadhiri zake, akanyamaza. Saa ya chakula walimkuta mama wa watu mlangoni hapo, amekufa. Na ndiye aliyemfundisha Grasiana kusali.

Maharage yalipokwisha, Grasiana aliingia chumbani kubadili kilemba. Mlango ukagongwa. Mara tatu.

"Tumsifu Yesu Kristo."

Alifungua. Hapakuwa na mtu. Kesho yake mchana ikawa vilevile, sauti imechoka zaidi.

Padri Laurenti alipokuja kumwandaa, Grasiana alimnong'oneza, "Padri, Mama anagonga."

"Umemjibu?"

"Hapana, Padri."

"Usimjibu. Amri haijaondolewa."

"Hata kwa marehemu?"

Padri alijifuta jasho. "Baba Askofu hakuiondoa," alisema, akatafuta kofia yake.

Jumapili kanisa lilijaa. Askofu aliuliza, "Grasiana, unaahidi utii?"

Mlango mkubwa ukagongwa. Mara tatu.

"Tumsifu Yesu Kristo."

Kanisa zima lilisikia. Masista wakainamisha vichwa. Padri Laurenti akafumba macho. Askofu alibadilika rangi, lakini hakujibu. Hakuna aliyejibu.

"Endelea, binti," alisema Askofu taratibu.

Jibu moja tu lingetosha. Alilijua.

"Naahidi," alisema Grasiana.

Watu wakapiga vigelegele. Yeye aliona aibu iliyomla hadi mifupani.

Mchana alikaa kitandani akingoja. Hapakugongwa. Akangoja tena. Mwishowe akasema mwenyewe, kwa sauti, huku analia, "Milele na milele, Mama. Milele na milele."

Akainuka kwenda kufungua. Hapo akaona mbao za mlango zimebonyea, alama tatu mpya, usawa wa mtu aliyepiga magoti. Zilikuwa upande wa ndani. Mama alikuwa humo humo chumbani.