Kurasa za Kushoto

— Nijibu kitu kimoja tu. Mimi ni mtoto wa nani?

Fundi Miwani alisimama mlangoni mwa ofisi, simu mkononi, asiingie wala asiondoke. Mwalimu alikuwa anasahihisha insha za wanafunzi wake wa fasihi, na kalamu nyekundu ikamdondoka pale pale. Kwenye kioo cha simu alijiona mwenyewe jukwaani, kwenye kongamano la wiki iliyopita, anaongea kwa kujiamini utadhani alishuhudia kwa macho yake.

— Nani kakutumia hiyo?

— Uliza nani hajanitumia.

Basi ikabidi aisikilize sauti yake. Ilikuwa inasema kwamba madaftari kumi na moja ya mwanamke mmoja asiyejulikana ni shajara ya siri. Kwamba mke huyo alikuwa na mpenzi, fundi redio aliyekuja nyumbani kila Alhamisi. Kwamba penzi lile lilizaa mtoto, naye alitoka na masikio ya fundi. Jina la mwandishi hakulitaja, na hapo Mwalimu alijiona mwangalifu kweli kweli. Ila ukutani alionyesha picha ya ukurasa mmoja, na mwandishi yule alikuwa amefundisha darasa la kwanza miaka thelathini na mbili. Nusu ya mji walijifunza kuandika kwa kufuatisha mwandiko ule ule. Waliutambua kabla Mwalimu hajafika aya ya pili.

Mwandishi alikuwa marehemu mama yake Fundi Miwani. Na Fundi Miwani ndiye mchumba wa Mwalimu, harusi imebaki wiki sita.

— Dukani kwangu kuna vioo kila upande, alisema Fundi. Tangu asubuhi sijauza hata fremu moja. Natazama masikio.

Mwalimu alijaribu kujieleza. Alisema utafiti una taratibu zake, kwamba mwanamke wa zama zile hakuwa na pa kusemea ila kwenye daftari lililofichwa, kwamba kumsoma hivyo ni kumheshimu. Maneno yalikuwa mazuri. Alikuwa ameyaandika mwenyewe, kurasa ishirini, na sasa hata moja halikumfaa kitu.

— Nilikupa sanduku la mama, alisema Fundi, kwa sababu uliniambia kazi yako ni kuwasikiliza wanawake ambao hawakusikilizwa. Ulimsikiliza, au ulimpekua?

Mwalimu akainama. Akauliza kama Baba, mume wa marehemu, anajua.

— Jirani alimwonyesha. Unajua kinachoniuma? Hasikii tena kalamu.

Hili la kalamu Mwalimu alilijua. Tangu marehemu azikwe, miaka miwili sasa, kila siku saa kumi alasiri Baba alibeba kiti akakaa koridoni, mbele ya chumba alichokuwa akiandikia mkewe. Mlango ulifungwa na haukufunguliwa tena. Baba alidai anasikia kalamu ikikwaruza karatasi kama zamani, na akitosheka anarudisha kiti jikoni. Fundi alipomsimulia mara ya kwanza walicheka wote wawili. Siku moja Mwalimu akapita koridoni na birika la chai, akasikia kitu chepesi nyuma ya mlango, kikwaruze, kinyamaze, kikwaruze tena. Akajiambia ni panya. Lakini baada ya hapo hakucheka.

— Amekaa pale siku tano mfululizo, Fundi aliendelea. Kimya. Ananiambia mama amehama. Anataka madaftari yote Jumamosi, anayachoma.

— Na harusi?

— Harusi ya nani?

Akaondoka. Hatua zake zilisikika hadi mwisho wa ngazi.

Mwalimu alimwandikia ujumbe jioni hiyo: "Nisamehe. Naomba tuongee." Tiki mbili zikawa za bluu, basi. Kesho yake akaandika: "Hata kama hunitaki, usimwache Baba achome." Jibu lilikuja baada ya saa tatu: "Si mali yako."

Ijumaa mchana alijifungia ofisini kuyapanga madaftari kwenye sanduku. Wanafunzi walikuwa wamekwenda, jengo limepoa, na yeye alijisikia kama anatazamwa. Si mara ya kwanza. Miezi yote aliyofanya kazi na mwandiko ule alikuwa akigeuka ghafla kuangalia mlango, akikuta hakuna mtu. Siku hiyo hisia ilikuwa nzito zaidi, ya mtu aliyesimama nyuma ya bega lake na hajaridhika.

— Nimeyasoma yote, akasema kwa sauti, akaona aibu kwa kuongea peke yake.

Lakini hakuwa ameyasoma yote. Marehemu alikuwa na mazoea yake: hadithi aliiandika kurasa za kulia, na za kushoto aliziachia mambo ya nyumba. Mafundo ya kufuma sweta, saa za dawa ya mtoto, nguo za kufua, sabuni imekwisha. Mwalimu alipiga picha kurasa za kulia tu. Za kushoto aliziandikia alama moja kwenye orodha yake: "Mambo ya jikoni, si muhimu." Yeye, jamani, ambaye kila mwaka huwapigia wanafunzi kelele kwamba mwanamke huandika pale anapopata nafasi.

Akaketi sakafuni, akafungua daftari la nne, ukurasa wa kushoto. Kamba ya kuanikia nguo imekatika. Halafu, chini yake, kwa mwandiko ule ule wa darasa la kwanza: "Mpenzi awe nani? Mwokaji hapana, atanuka mkate na mume atajua. Mwalimu hapana, wataniambia ni mwenzangu wa shule. Fundi redio afadhali, ana sababu ya kuja nyumbani."

Mwalimu akasoma mara mbili. Akageuza, akageuza tena. Vitunguu, viberiti. "Alhamisi iwe na mvua, asiweze kuondoka mapema." Dawa ya kikohozi, vijiko viwili. "Huyu mume nimemfanya mbaya mno, nimpe japo wema mmoja." Alijikuta analia na kucheka pamoja, huku nywele za shingoni zimemsimama, maana ilikuwa kana kwamba mtu anamfungulia ukurasa baada ya ukurasa kwa kidole. Daftari la tisa, kona ya chini, pembeni ya orodha ya kufua:

"Watasema ni mimi. Wanawake tukiandika 'mimi' watu hukimbilia kuchungulia chumbani. Acha wachungulie. Mzee nitamsomea mwenyewe ikiisha."

Haikuisha. Daftari la kumi na moja lilikatikia katikati ya sentensi.

Jumamosi alifika na sanduku. Uani palikuwa na pipa la bati, na Baba kwenye kigoda, kiberiti mapajani. Fundi alisimama nyuma yake, hajanyoa. Mwalimu aliamkia, na Baba akaitika kwa adabu, ile adabu baridi ya kumpokea mgeni.

— Weka hapo, mama. Ahsante kwa kuyaleta.

— Baba, nimekukosea, na sikuja kujitetea. Naomba nisome kurasa tatu. Nikimaliza, nitakuwashia kiberiti mimi mwenyewe.

Fundi alitaka kusema kitu. Baba akainua mkono.

Akasoma. Mwokaji, mwalimu, fundi redio. Mvua ya Alhamisi. Alipofika kwenye mtoto alimgeukia Fundi, maana ukurasa alikuwa ameukariri tangu jana:

— "Mtoto apewe alama moja. Pua? Masikio afadhali, hayafichiki. Nitaazima ya mwanangu, naye kayatoa kwa baba yake."

Fundi alikuwa ameshika sikio lake bila kujua, kisha akatazama ya mzee wake, makubwa, yamesimama pande zote mbili za kofia. Akageuka ukutani, mabega yakitikisika.

Baba ndiye aliyesema kwanza.

— Redio yetu haikuwahi kuharibika hata siku moja, alisema polepole. Usiku kucha najiuliza, huyo fundi alikuwa anatengeneza nini?

Akacheka, kicheko kikavu kilichogeuka kuwa kikohozi. Akajipangusa macho kwa kiganja.

— Rudia pale pa mwokaji.

Mwalimu akarudia. Akasoma pia ile ya "Mzee nitamsomea mwenyewe", na Baba akakirudisha kiberiti mfukoni.

Fundi alimsindikiza hadi getini.

— Mama umemrudisha, alisema. Mimi bado.

— Najua.

— Jumatatu utafanya nini?

— Nitarudi pale pale niliposimama, niseme nilisoma nusu ya daftari.

Akafanya hivyo. Alijirekodi kwenye jukwaa lile lile, kurasa za kushoto zikiwa ukutani, akataja kosa lake kwa jina lake, na kwa ruhusa ya Baba akalitaja jina la mwandishi, akamwita mtunzi wa hadithi. Video ile haikusambaa hata robo ya ile ya kwanza, ndivyo watu tulivyo. Ila dukani kwa Fundi kila mteja aliyekuja kupima macho alionyeshwa kwanza video nzima, dakika kumi na nne, ndipo asomeshwe herufi. Mwalimu alizisikia habari hizo kwa watu. Siku ya tisa ukaingia ujumbe: "Baba amefungua chumba. Anasema uyanakili madaftari humo humo, yatoke kitabu." Na chini yake: "Mimi nitachemsha chai."

Harusi ilisogezwa mbele miezi miwili.

Chumba kilikuwa kidogo, meza imeelekea ukutani, kiti kimelika upande mmoja. Mwalimu alinakili kwa kompyuta, kurasa za kulia na za kushoto, kamba ya nguo na vitunguu, bila kuacha kitu. Alasiri moja Fundi aliingia na vikombe viwili, akamwambia kadi za mwaliko zimetoka na jina lake limeandikwa sawasawa. Mwalimu akafunga kompyuta. Akapokea kikombe kwa mikono miwili, kilikuwa cha moto, na Fundi akamkalia karibu kwenye ukingo wa meza.

— Umenisamehe? aliuliza Mwalimu.

— Nilikusamehe pale pa mwokaji. Nilitaka tu usijue mapema.

Saa kumi ilikuwa imefika. Walisikia kiti cha Baba kikiwekwa koridoni, kisha sauti yake, ya upole, ya mtu anayemsemesha mkewe:

— Taratibu, mke wangu. Utachoka mkono.

Fundi akaitazama mikono ya Mwalimu. Ilikuwa kwenye kikombe, yote miwili, na ya kwake vile vile. Mezani, karibu kabisa na masikio yao, kalamu iliendelea kukwaruza.